Toleo maalumu la rangi za macho za kumetameta: mbona linawaka mkononi na kufifia kwenye kope?

#1 BintiSinza

Habari za jioni, wadau.

Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao na amenikabidhi kazi ya kumpamba. Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo nikanunua paleti ya rangi tisa, toleo maalumu ambalo muuzaji alisema likiisha halirudi tena, kwa shilingi 22,000. Kuna dhahabu, shaba, fedha, waridi kali, buluu ya wino, zambarau iliyoiva, na kijani kimoja kinachogeukageuka kama shingo ya njiwa. Hicho kijani ndicho kilichonifanya nitoe pesa.

Dukani muuzaji alichovya kidole, akanipaka ndani ya mkono, na rangi zikawaka kama bati jipya juani. Nilipofika nyumbani nikajipaka juu ya macho kwa brashi, nikabaki na kitu kama vumbi la chaki lenye nyota mbili tatu, na baada ya saa mbili hata hizo nyota zilikuwa zimejikusanya kwenye mkunjo wa kope na kuacha mstari. Rangi ni zilezile, ngozi ni ileile, siku ni ileile.

Swali langu ni hili: kosa liko kwenye bei, kwenye ngozi yangu, kwenye mkono wangu, au haya matoleo maalumu ya bei nafuu yametengenezwa yapendeze dukani tu? Naomba majibu ya waliojaribu wenyewe, kwa sababu muda wa kununua nyingine upo ila pesa ya kukosea mara mbili haipo.

#2 MpambajiTanga

Pole, dada. Nimepamba maharusi kwa miaka kumi na minne, na jibu langu ni fupi: kosa ni brashi kavu.

Muuzaji hakukudanganya. Alitumia kidole, nawe ulitumia brashi, kwa hiyo hamkufanya jambo moja. Kidole kina joto na mafuta kidogo, kinabeba rangi nyingi na kuibandika kwa kugandamiza, wakati brashi laini ya manyoya inachukua rangi kidogo na kuitawanya hewani, na nusu yake inaishia mashavuni. Rangi za kumetameta mimi huzipaka kwa kidole cha pete, au kwa brashi ngumu, fupi na bapa niliyoilowesha kwa matone mawili ya maji, halafu nagusa na kuinua bila kusugua. Jaribu hivyo leo usiku, utuletee jibu.

#3 DadaWaNakuru

Hamjambo. Namheshimu mpambaji wa #2, lakini hapa brashi inasingiziwa.

Mimi nilinunua paleti ya aina hiyo Nairobi, kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Dubois, kwa shilingi 1,500 za Kenya, na nilitumia kidole, maji na kila kitu mlichotaja. Rangi kavu zisizong'aa zilikuwa majivu matupu, na zile za kumetameta zilidumu mpaka chakula cha mchana tu. Nilipogeuza boksi nikasoma viambato, cha kwanza kabisa kilikuwa talki. Yaani nimelipia poda ya mtoto iliyopakwa rangi! Mtengenezaji anayeuza kwa bei ya chini lazima aokoe mahali, naye huokoa kwenye rangi yenyewe. Kingine, hicho kinachometameta mle ndani ni plastiki tu, ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku glita yote mwaka 2023.

#4 MkemiaMwanza

Salaam kwa wote. Naomba nianze na masahihisho mawili kwa DadaWaNakuru, kisha nijibu swali la mleta uzi.

La kwanza, kinachometameta katika rangi nyingi za macho si plastiki. Ni jiwe, na Kiswahili kina jina lake la zamani: ulanga, ambalo wengine siku hizi huliita maika. Ni madini yanayochanika vipande vyembamba kuliko karatasi, na kwetu yaliwahi kuchimbwa kwenye milima ya Uluguru. Glita ya plastiki ni kitu kingine, ni karatasi laini ya plastiki iliyopakwa metali na kukatwa vipande vidogo, nayo kwa kawaida utaitambua kwa kidole, maana inakwaruza. La pili, Ulaya haikupiga marufuku glita yote. Kanuni yao namba 2023/2055, iliyoanza kutumika Oktoba 2023, inahusu chembechembe za plastiki, na vipodozi vya kujiremba usoni, kama rangi za macho, vimepewa muda wa kujirekebisha hadi 2035. Ulanga haumo kabisa katika katazo hilo.

Sasa swali lenyewe. Kipande cha ulanga hupakwa tabaka jembamba la dioksidi ya titani, madini meupe. Mwanga ukifika, sehemu yake inarudi kutoka juu ya tabaka, na sehemu nyingine inarudi kutoka chini yake, na miale hiyo miwili inapokutana baadhi ya rangi huimarishana na nyingine huuana. Unene wa tabaka ndio unaoamua rangi utakayoiona: takriban nanomita 40 hadi 60 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) hutoa fedha, na tabaka likinenepa hadi nanomita 120 au 160 hutoa kijani. Kwa hiyo kile kijani cha shingo ya njiwa huenda hakina rangi ya kijani ndani yake hata kidogo, na hata njiwa mwenyewe hana. Ni mwanga unaocheza.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua. Mwanga usiorudi hupita kwenda chini. Ukikuta ngozi nyeupe, unarudishwa juu na kuichafua rangi ya kwanza. Ukikuta ngozi nyeusi, unamezwa, na ile rangi ya kwanza inabaki safi. Rangi hizi zinapendeza zaidi juu ya ngozi yetu, na anayesema kwamba ngozi nyeusi "haishiki rangi" hajui anachokisema. Kwa hiyo, BintiSinza, ngozi yako naitoa kwenye orodha ya washukiwa.

Kinachobaki ni mpangilio. Vipande hivyo ni kama vioo vidogo bapa. Vikilala pamoja vinarudisha mwanga upande mmoja, na jicho linaona metali. Vikisimama ovyo kila kimoja kinatupa mwanga kwake, na jicho linaona vumbi. Kidole kinavilaza na brashi inavisimamisha, na hapo namuunga mkono MpambajiTanga.

#5 KasukuWaPwani

Ahsante, mkemia, leo nimejua ulanga ni nini, na nimeishi na hilo neno kwenye kamusi miaka yote.

Ila naona nyote mmepita mbele ya jambo lililo wazi. Ndani ya mkono si rangi moja na juu ya jicho. Mimi niko Mombasa, jua halinionei huruma, na upande wa ndani wa mkono wangu ni mweupe kuliko uso kwa daraja mbili nzima, huku kope zangu zikiwa nyeusi kuliko sehemu yoyote ya uso. Kwa hiyo kupimia rangi mkononi ni kumpima mtu mwingine. BintiSinza, simama dirishani, uweke mkono wako karibu na jicho, kisha utuambie.

#6 FundiPicha

Mimi napiga picha za harusi Morogoro na Dodoma, sijui kupaka ila najua kuangalia.

Duka lenye taa ishirini nyeupe darini litameremesha hata sufuria. Chumba chako cha Sinza kina taa moja, tena huenda iko nyuma ya kichwa chako unapojitazama kwenye kioo. Rangi ya kumetameta haina mwanga wake yenyewe, inaazima. Mara nyingi nimeona bibi harusi aliyeng'aa saluni kwenye taa ya duara akafifia ukumbini kwenye taa za zambarau, kisha akawaka tena pale mwanga wa kamera ulipompiga. Kabla hamjailaumu paleti, semeni mliitazamia wapi.

#7 MamaYusra

Wapendwa, mnazungumzia mwanga na brashi wakati sijaona mtu aliyeuliza kama paleti yenyewe ni halisi. Toleo maalumu likishapata jina huko lilikotoka, bandia lake halichelewi kufika sokoni, lenye boksi lilelile na maandishi yenye makosa ya tahajia. Mimi niliwahi kununua moja ambayo jina la rangi kwenye boksi na jina lililo chini ya kisahani cha rangi ndani ya paleti havikulingana, nikawashwa macho siku tatu. Mleta uzi atazame kama boksi lina namba ya toleo la kiwandani, nchi ya utengenezaji na tarehe, na kama bidhaa imesajiliwa na TFDA, mamlaka ya chakula na dawa.

#8 Afisa_Mstaafu

Angalizo kwa MamaYusra, kwa nia njema. TFDA haipo tena kwa jina hilo. Tangu Julai 2019 shughuli za chakula na vipodozi zilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Kwa vipodozi, Tanzania Bara sasa tunauliza TBS, Zanzibar wanauliza wakala wao, ZFDA, na ndugu zetu wa Kenya wanauliza shirika lao la viwango, KEBS. Mengine uliyosema ni sahihi, na namba ya toleo la kiwandani mtu aitafute kwenye boksi na kwenye paleti yenyewe, zilingane.

#9 MamaYusra

Nashukuru kwa kunisahihisha, Afisa. Miaka inakwenda.

#10 MtotoWaKöln

Salaam kutoka Ujerumani. Nimeishi huku miaka tisa na nina udhaifu mkubwa kwa haya matoleo, kwa hiyo naomba nieleze yanavyokuwa huku yanakotoka baadhi yao.

Kampuni ya cosnova, iliyopo Sulzbach karibu na Frankfurt, ndiyo yenye chapa za essence na Catrice. Bidhaa nyingi za essence ni chini ya yuro 5, na unazikuta kwenye maduka ya kawaida kama dm na Rossmann, karibu na sabuni na dawa ya meno. Matoleo maalumu hukaa kwenye kirafu chake cha karatasi, yanakaa wiki chache, yakiisha yameisha. Mara nyingi hapo ndipo zinapowekwa rangi za ujasiri, kwa sababu rafu ya kudumu inataka kahawia na waridi hafifu zinazouzika mwaka mzima. Hakuna mwenye duka atakayeweka buluu ya wino mwaka mzima, lakini kwa wiki sita za majira ya joto ataijaribu.

Kwa hiyo, kwa swali la BintiSinza, siafiki kwamba matoleo maalumu yametengenezwa yapendeze dukani tu. Kwa mnunuzi wa bei nafuu, mara nyingi hiyo ndiyo nafasi pekee ya kupata rangi kali bila kulipa pesa ya chapa kubwa. Na kuhusu bei, DadaWaNakuru, viwanda si vingi kama chapa. Intercos ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1972, inatengenezea chapa nyingi tofauti. Sehemu ya unacholipia kwenye paleti ya gharama ni boksi zito, kioo na tangazo.

#11 DadaWaNakuru

Nimesahihishwa kuhusu plastiki na Ulaya, nashukuru #4, nimeelewa.

Lakini mtu wa #10 hajanigusa bado. Kiwanda kimoja kinaweza kupika vyakula viwili: cha mteja aliyelipa sana na cha mteja aliyelipa kidogo. Ukienda kwa fundi mmoja wa mikate ukampa unga nusu, atakupa mkate nusu, na hana kosa. Talki bado ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yangu, na hakuna aliyenijibu hilo.

#12 MkemiaMwanza

Nakujibu sasa, dada, maana ni hoja nzuri.

Talki ikiwa ya kwanza maana yake ni kweli ndiyo iliyo nyingi zaidi, kwa sababu kwa sheria za vipodozi viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kikubwa kikitangulia. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu vitu vya kutia rangi viandikwe mwishoni kwa mpangilio wowote, pamoja na ulanga, ambao kwenye orodha huandikwa kwa namba ya rangi, CI 77019, na dioksidi ya titani, CI 77891. Kwa hiyo orodha haiwezi kukuambia rangi ni kiasi gani. Vilevile talki si takataka. Ndiyo inayofanya rangi iteleze vizuri, na hata paleti za bei kubwa huitumia.

Hata hivyo nakuunga mkono kwenye rangi kavu zisizong'aa. Ukitaka waridi hafifu au buluu ya anga kwa bei ndogo, njia rahisi ni kuchanganya rangi kidogo na weupe mwingi, na weupe huo juu ya ngozi nyeusi ndio unaoleta majivu. Rangi za kumetameta zimeokoka hapo kwa sababu haziutegemei sana weupe huo. Ndiyo maana katika paleti moja ya bei nafuu unaweza kukuta dhahabu nzuri sana imekaa kando ya waridi la hovyo.

#13 Kipusa_Arusha

Hilo la mwisho lingebandikwa mlangoni kwa kila duka. Mimi sasa nikichukua paleti ya rangi tisa nahesabu za kumetameta peke yake, nagawa bei kwa hizo, nyingine nazihesabu kama zawadi. Ya BintiSinza, kwa 22,000, ikiwa sita kati ya tisa zinang'aa kweli, kila moja imemgharimu chini ya 4,000. Saluni wanamtoza zaidi ya hapo kwa kope bandia tu.

Tena tusisahau kwamba bei nafuu si jambo la jana. e.l.f. ya Marekani ilianza mwaka 2004 ikiuza vitu kwa dola 1. Na waliotuonyesha kwamba rangi kali zinaweza kutengenezwa kwa kuifikiria ngozi nyeusi kwanza ni Juvia's Place, ya Chichi Eburu mzaliwa wa Nigeria, wenye paleti kama The Nubian na The Masquerade. Kenya nako Suzie Wokabi alifanya kazi kubwa na SuzieBeauty, hadi ikanunuliwa na Flame Tree Group mwaka 2016. Walionyesha kwamba kosa halikuwa letu.

#14 MwanaChuo_Moro

Jamani, Kipusa anagawanya bei kama mgao wa urithi. Mimi sina hoja, nilitaka kusema nimekaa hapa tangu bandiko la kwanza na mtihani ni kesho.

#15 Kipusa_Arusha

Mwanafunzi, kasome. Uzi utaukuta.

#16 Zuhura_Ngamiani

Naongeza kisa changu kwa sababu mleta uzi ametaja zambarau na waridi kali. Harusi ya binamu yangu nilipaka zambarau kutoka toleo maalumu moja la bei ndogo, ikatoka vizuri ajabu, kila mtu akauliza nimepata wapi. Usiku nikaosha uso, rangi ikatoka, lakini chini yake ngozi ilibaki na doa la waridi. Nilisugua kwa mafuta ya nazi, likabaki. Lilitoka siku ya pili, nami nilikwenda kazini nikionekana kama mtu aliyelia usiku kucha. Je, hiyo ni sumu, au ni rangi ya kawaida?

#17 MkemiaMwanza

Zuhura, pole. Kwa maelezo hayo, doa lenyewe si dalili ya sumu. Waridi na zambarau kali sana ni vigumu kuzipata kwa madini, kwa hiyo watengenezaji hutumia rangi za maabara ambazo baadhi yake hupenya kidogo kwenye tabaka la juu la ngozi, na tabaka hilo likijibadilisha doa linaondoka. Mojawapo ni ile inayoandikwa CI 45410. Marekani haijaidhinisha rangi hiyo itumike eneo la macho, Ulaya inairuhusu, na ndiyo maana baadhi ya paleti za Marekani zina onyo dogo nyuma kwamba rangi fulani si za eneo la macho, ingawa kila mtu anajua zitapakwa wapi.

Ukitaka kuepuka doa, weka praima (krimu ya msingi ya kushikisha rangi) au konsila (krimu ya kuficha madoa) kwanza ili rangi isiguse ngozi moja kwa moja. Lakini kuwashwa, kuvimba au kutoka machozi ni jambo jingine. Hapo unaacha mara moja, na macho yakiendelea unakwenda hospitali.

#18 BibiWaMuscat

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa huku Muscat miaka mingi, na huku harusi bila kumetameta haijawa harusi.

Mnasahau hali ya hewa. Unguja na Dar es Salaam hewa ina maji, ngozi inatoka jasho hata umekaa. Rangi ya poda ikikutana na jasho na mafuta ya kope, inahama na kujikusanya kwenye mkunjo, kama alivyoeleza mwenye uzi. Huku mtu anatoka kwenye nyumba yenye kiyoyozi, anaingia kwenye gari lenye kiyoyozi, anafika ukumbini hivyohivyo. Rangi ileile ya bei ndogo inakaa mpaka alfajiri. Nilimletea dada yangu Unguja boksi moja, akaniambia haifai. Mimi naipaka kila Idi. Nani mwongo kati yetu?

Kitu kingine ni msingi. Sisi zamani tulipaka kwanza wanja wa manga, rangi ikakaa juu ya weusi na mafuta ya wanja, ikashika.

#19 Afisa_Mstaafu

Shikamoo, bibi. Kuhusu msingi mweusi naona hata mkemia atakuunga mkono. Ila naomba niongeze tahadhari kwenye wanja: baadhi ya wanja wa kienyeji hutengenezwa kwa galena, ambayo ni madini ya risasi, na risasi ina madhara, hasa kwa watoto wanaopakwa macho wangali wachanga. Anayetaka msingi mweusi atumie penseli ya wanja yenye orodha ya viambato iliyoandikwa.

#20 BibiWaMuscat

Marahaba, mwanangu. Nimekusikia. Wajukuu siwapaki tena, wamama zao walishanikataza.

#21 Kifungo_Mtwara

Mimi nina jambo la pembeni kidogo kuhusu huo ulanga. Mkemia ameeleza uzuri wake, na ni haki tuseme pia unakotoka. Sehemu kubwa imekuwa ikitoka India, kwenye majimbo ya Jharkhand na Bihar, na nyingine Madagaska, ambako watoto wameripotiwa kufanya kazi ya kuuokota. Mwaka 2017 makampuni kadhaa yaliunda umoja uitwao Responsible Mica Initiative kushughulikia hilo huko India, na mengine yamehamia ulanga wa kutengenezwa maabara, ambao kwenye boksi huandikwa synthetic fluorphlogopite. Sisemi tuache kujipamba. Nasema bei ikiwa ndogo sana, kuna mahali imepunguzwa, na DadaWaNakuru alipouliza wameokoa wapi, huenda hawakuokoa kwenye rangi.

#22 MtotoWaKöln

Hoja nzito, Kifungo. Naongeza tu kwamba ule wa maabara unapatikana hata kwenye bidhaa za bei ndogo huku, kwa hiyo mtu asome boksi, bei peke yake haimwambii. Tena unang'aa kwa usafi zaidi, kwa sababu hauna madoadoa ya asili ya jiwe.

#23 BintiSinza

Nimerudi, na nawashukuru wote.

Nimefanya jaribio Jumamosi na Jumapili. Kwanza, KasukuWaPwani, nilisimama dirishani, na ni kweli mkono wangu wa ndani ni mweupe kuliko kope zangu, sikuwahi kuligundua hilo maisha yangu yote. Pili, MamaYusra, namba ya kwenye boksi na ya kwenye paleti zinalingana, na alama ya kikopo kilichofunguliwa imeandikwa 12M, maana yake itumike ndani ya miezi kumi na miwili baada ya kufunguliwa.

Jicho la kushoto nilipaka kwa kidole bila msingi. Jicho la kulia nilipaka konsila nyembamba, nikaiacha ikauke, kisha penseli nyeusi niliyoisambaza, kisha rangi kwa brashi bapa yenye unyevu. Nilikaa nayo kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, nikaenda sokoni nayo, nikapika nayo.

Kijani, juu ya ile penseli nyeusi, kilikuwa kizuri kiasi kwamba mdogo wangu aliniomba nisikioshe. Dhahabu na shaba zilidumu macho yote mawili, ila upande wa kushoto zilishuka kidogo kwenye mkunjo. Fedha ilikuwa nzuri saa mbili za mwanzo tu. Lakini waridi na zambarau zilikataa pande zote mbili, kwa kidole na kwa brashi, na juu ya weusi zikageuka kijivu. Halafu kuna jambo linalonichanganya: buluu ilifanya vizuri zaidi upande wa kushoto, ambako hakukuwa na msingi wowote.

#24 MpambajiTanga

Hongera, dada. Kijani nilikijua. Unyevu umefanya kazi yake.

#25 DadaWaNakuru

Waridi na zambarau zimekataa kwa kila njia, na mpambaji anatoa hongera kwa kijani peke yake! Hizo mbili ndizo nilizozisema.

#26 MkemiaMwanza

Kwa waridi na zambarau, huenda ni weupe mwingi kama nilivyosema #12, na huenda pia ile penseli nyeusi imezimeza, kwa sababu rangi ambazo si za ulanga zinahitaji msingi mweupe, si mweusi. Ulipaswa kuzijaribu juu ya konsila peke yake. Kuhusu buluu, nadhani unyevu uliifanya igandane. Baadhi ya rangi zikiguswa na maji hufanya utando mgumu juu ya kisahani, na baada ya hapo brashi haichukui kitu. Bandika ukanda wa gundi juu yake, uuvute taratibu, utando utatoka.

#27 MpambajiTanga

Unyevu wa matone mawili hauwezi kugandisha rangi, mkemia. Miaka kumi na minne. Labda aliilowesha kama anafua.

#28 BibiWaMuscat

Upande wa kushoto ndio uliokuwa karibu na jiko alipokuwa akipika, au ni ule wa kulia? Joto nalo mliulize.

#29 FundiPicha

Nami nauliza alijitazama wapi saa kumi jioni. Jua la saa hiyo linatoka upande mmoja, macho mawili hayapati mwanga sawa. BintiSinza, kabla ya sendofu mpake mdogo wako jioni, mtoke naye nje, kisha muingie ndani mumtazame kwenye taa za rangi, na umpige picha kwa mwanga wa kamera, mara tatu, jicho moja moja. Nitumie hizo picha nitakuambia ninachokiona.

#30 BintiSinza

Jiko lilikuwa kulia, bibi, na dirisha lilikuwa kushoto. Buluu naijaribu tena kesho bila maji na bila jiko. Kijani sikigusi, hicho mdogo wangu ameshakichagua.